Mwani mnene na shayiri ya ndugu yangu

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaendesha lori la nafaka Saskatchewan, Kanada. Kila Septemba, msimu wao wa mavuno, hunitumia sauti za WhatsApp ndefu kama hotuba ya Ijumaa, injini ikinguruma nyuma yake. Mwaka juzi moja ilinikuta bandani nimekaa juu ya gunia.

"Dada, leo wamelikataa lori zima. Shayiri safi, ya manjano, ungeiona ungeitia chunguni ukapika shurba. Wamesema protini imezidi. Sasa inakwenda kuliwa na ng'ombe."

Nilicheka peke yangu mpaka mpagazi akanigeukia. Asubuhi ile ile nilikuwa nimelikataa gunia la mama yangu mzazi.

Mimi ni karani wa mwani katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Vifaa vyangu ni mzani, daftari na mkono wa kulia, na mkono ndio mkubwa wao. Nautia ndani ya gunia mpaka kwapani, natoa konzi ya mwani wa chini kabisa, kwa sababu wa juu kila mtu huupanga vizuri, kisha naukamua. Uliokauka sawasawa unakwaruza, chumvi inabaki kiganjani, na ukifumbua ngumi unajinyoosha taratibu. Mbichi unajikunja na kubaki umejikunja. Wanunuzi wa nje wanataka unyevu wa kama asilimia 35, lakini bandani kwetu hakuna mashine ya kupimia. Upo mkono wa karani, na upo ugomvi. Usiku wa kuamkia siku ile ilipiga mvua ya mchoo, mama akaufunika mwani wake juu ya chanja kwa turubai lenye matundu, na alfajiri akautia guniani akitumai binti yake hatafika chini. Nilifika chini.

Siku nzima hakunisemesha. Jioni alimimina chai, lakini alikimiminia kikombe, si mimi.

Tangu hapo mimi na mdogo wangu tukawa tunalinganisha kukataliwa. Ulianza mzaha, ukageuka kuwa kitu ninachokifikiria hata nikiwa nakuna nazi.

Shayiri nilikuwa naijua ya Ramadhani tu, ya kununua Chake Chake kwa ajili ya shurba. Anayobeba yeye inakwenda kufanywa kimea. Neno tunalo wenyewe: nafaka iliyolowekwa, ikaachwa imee kidogo, kisha ikakaushwa. Viwandani wanailoweka shayiri, wanaiacha ichipue siku nne au tano, na kabla mche haujatokeza nje wanaikausha kwa hewa ya moto. Katika siku hizo punje inajitengenezea vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira kwenye pipa la bia. Kwa hiyo punje lazima iwe hai. Katika punje mia zinatakiwa zichipue 95 au zaidi, na zichipue pamoja. Ikinyeshewa shambani ikaanza kumea kabla ya kuvunwa, biashara imekwisha. Protini mara nyingi wanaitaka kati ya asilimia 10 na 12 hivi. Ikizidi, wanga unapungua na bia inakuwa na wingu, haitakati. Na mvua ikikatika wakati punje zinajaa, mkulima anaikuta protini imepanda bila yeye kukosea chochote.

"Na yote hayo," ananiambia, "wanayaona kwenye kisampuli cha kuchota. Wewe unatia mkono, wao wanatia bomba."

Ikishindwa inauzwa chakula cha mifugo, kwa bei ya chini. Jembe, mafuta na jasho la kuilimia ni vile vile.

Nikamwuliza swali la kijinga: kwani hakuna mbegu nyingine isiyopandisha protini? Akasema mbegu mpya zipo tele, kila baada ya miaka michache watafiti wanatoa nyingine, inayozaa zaidi, yenye bua lisilolala kwa upepo, isiyoshikwa upesi na maradhi ya majani. Mkulima anaitaka leo. Mpika bia anasema ngoja kwanza. Kuna mbili, AC Metcalfe na CDC Copeland, zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja kushika mashamba ya huko kwa miaka mingi, ingawa zilikuja nyingine zenye mazao makubwa zaidi. Wanunuzi wa nje, Wachina hasa, walikuwa wameshazizoea, wanajua zilowekwe saa ngapi na zichipue siku ngapi. Kumbadilishia mpishi mchele ni kumbadilishia pilau lake lote, na pilau la kiwanda ni la mamilioni ya chupa.

Kwa hiyo pale Winnipeg wana kituo kizima, Canadian Malting Barley Technical Centre, ambacho huichukua mbegu mpya, huifanya kimea, huipikia bia ya majaribio, na kila mwaka hutoa orodha: mkulima, panda hizi, zina wa kuzinunua. AAC Synergy na CDC Fraser zimepita mlango huo. Inachukua miaka. Mdogo wangu huwacheka kwa ule upole wao, lakini mimi nilipoisikia habari hiyo nilinyamaza. Nitasema kwa nini.

Uingereza kimetokea kinyume chake. Kuna shayiri inaitwa Maris Otter, waliyoizalisha Cambridge kwa kuchanganya mbili za zamani, Proctor na Pioneer, ikaingia mashambani miaka ya 1960. Baadaye zikaja zinazozaa kuliko yenyewe na wakulima wengi wakaiacha. Wapika bia wa kienyeji wakagoma, hawaitaki nyingine, wakawa wanaongeza bei ili wapatikane wa kuilima, na mpaka leo inalimwa. Mbegu imenusurika kwa sababu ya ulimi wa mnywaji, si kwa sababu ya shamba.

Na ukishapata mbegu, na mnunuzi, na protini, bado serikali mbili zinaweza kununiana. Mei 2020 China iliipandishia shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5, na haukuondolewa mpaka Agosti 2023. Miaka yote hiyo shayiri ya Australia ikawa inatafuta bandari nyingine, na ya Kanada ikapata nafasi. Mdogo wangu alipiga safari nyingi sana wakati ule. Huwezi kumlaumu mtu kwa kula riziki iliyomdondokea, ila alikiri kwamba alikuwa akiwafikiria wale wa upande wa pili.

Sasa ya kwetu.

Mwani wa kuokota kwenye miamba watu wa visiwa hivi waliuuza nje tangu zamani, kabla hakujakuwa na kilimo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihangaika miaka mingi kueleza kwamba unaweza kupandwa. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kisha kikavuka kuja huku. Leo wakulima wa Zanzibar wanahesabiwa zaidi ya 20,000, na katika kila kumi wanane hivi ni wanawake. Mzigo mkubwa unatoka Pemba.

Mbegu ni mbili. Mwembamba, ambao makarani tunauandika spinosamu, na mnene, kotonii. Mwembamba una miiba miiba, mgumu wa roho, unavumilia. Mnene una matawi manono laini, wa kahawia au kijani, mzuri wa kutazama, na bei yake bandani kwetu imekuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Sababu ni kilichomo. Yote miwili inachemshwa ikatoa karaginani, kitu cha kugandisha. Ya mwembamba inaganda ulaini, ya mnene inaganda ikakakamaa, na hii ya pili ndiyo inayogombewa na viwanda vya maziwa, nyama za makopo na kadhalika.

Bwana, mnene ungekuwa unaishi, sisi tungekuwa na habari nyingine. Zamani ulikuwapo mpaka Unguja, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa unakufa sehemu moja baada ya nyingine, na wakulima wakarudi kwenye mwembamba. Maji yamekuwa moto. Na jambo jingine ambalo nilichelewa kulielewa: mwani tunaoulima hatuupandi kwa mbegu hasa. Tunakata kipande cha mwani, tunakifunga kwenye kamba kwa taitai, yaani kijikamba chembamba, kikikua tunakata tena. Ni kama kijiti cha muhogo. Mwani wa mama yangu na wa jirani yake na ule wa kwanza uliotoka Ufilipino ni kiumbe kimoja kilichokatwa katwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Shayiri wanaichanganya, baba huyu na mama yule, wanapata watoto elfu na kuchagua. Sisi tuna mtoto mmoja, na akiugua ameugua kila mahali.

Basi miaka michache nyuma alikuja wakala mmoja na magunia yaliyoloa, ndani yake mwani mnene wa kahawia. Mbegu mpya, alisema, hii haifi. Tulikuwa bandani watu kama arubaini. Akaushika tawi moja, akalivunja tukasikia linavyolia kama tango. "Akina mama, mali ndiyo hii." Atatoa mbegu, kamba na taitai, gharama zake zitakatwa kwenye mauzo, na mwani wote auziwe yeye.

Madeni yale niliyaandika mimi. Jina, kamba ngapi, kiasi gani. Mwandiko wangu mzuri, skuli walinisifu.

Mama alikuwa na kamba zake kama sitini. Aliusomba mwembamba kwenye kamba ishirini, zilizo karibu na mkondo, akapisha mnene. Kipande kwa kipande, kila kimoja cha kujaa kiganja, nafasi kati yake kama shibiri fupi. Ilikuwa Juni, kusi linavuma, maji baridi. Mwani ule ulikua kwa namna ambayo sijapata kuona. Ndani ya siku arubaini na tano kifungo kimoja hukiwezi kwa mkono mmoja. Tukavuna, tukapima, nikaandika, deni likapungua, mama akanunua kanga doti mbili na kumpa moja shangazi bila sababu. Wengine wakaona, wakaung'oa mwembamba wao wote.

Ikaja kaskazi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, kwetu maji hupwa saa nne asubuhi, jua linapopanda, na mwani unabaki ndani ya maji ya magotini tu. Januari ile nilishuka na mama siku ya pili ya bamvua. Maji yalikuwa ya kukandia mzazi. Ncha za mwani zilikuwa zimepauka, weupe wa nyama ya nazi, na ukigusa tawi linateleza kutoka kwenye taitai na kwenda zake na mkondo. Wataalamu wanayaita maradhi hayo aisi-aisi. Mama hakuyaita kitu. Alitembea kamba moja moja mpaka ya mwisho, anakusanya vipande vinavyoelea na kuvitia kikapuni kama mtu anayeokota vyombo baada ya shughuli. Nilimwambia, mama, hivyo vimeshakufa. Akasema, najua, lakini nitaondokaje mikono mitupu?

Ndani ya bamvua mbili haukubaki. Daftarini likabaki deni.

Wakala aliporudi alisema hatukuutunza. Kulikuwa na jua, alisema, mngeuhamishia maji makubwa. Ni kweli kwamba maji makubwa yanausaidia. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, na Dk. Flower Msuya ambaye amewashughulikia wakulima wa mwani kwa miaka mingi, wamejaribu na wanawake kamba za kuelea na vyavu kwenye kina ambako joto halipandi sana. Lakini huko unakwenda kwa chombo. Mama hana ngalawa, na hajui kuogelea. Wanawake wengi wa umri wake hawajui. Huko ni kazi ya wanaume au ya kukodi wanaume, na hesabu ya kukodi sikuiona popote katika maneno ya wakala siku alipolivunja lile tawi.

Ndiyo maana nilinyamaza niliposikia habari za kituo cha Winnipeg. Mbegu ya shayiri haipelekwi kwa mkulima ikiambiwa "haifi" mpaka kuna mtu ameiotesha, ameipika, ameionja, amepata hasara nayo, na mtu huyo anapokea mshahara. Kwetu maabara ni kamba ishirini za mama, na gharama za utafiti nilimwandikia yeye. Sisemi wakulima wa shayiri wanadekezwa, nishasikia jinsi malori yanavyorudishwa. Lakini hasara ya kujaribu si ya mkulima peke yake. Ningekuwa na sauti mahali, ningeomba jambo moja dogo: mbegu mpya ikija, ikae kaskazi mbili baharini kwa gharama ya anayeitaka, kabla karani hajafungua daftari. Tena wala si lazima itoke mbali. Watafiti wamekuta kwenye mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki mwani wa jamii hiyo hiyo unaoota wenyewe, ambao umeyazoea maji haya kabla ya sisi kuzaliwa.

Nilipomsimulia mdogo wangu, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama najua mwani mnene unatumika wapi tena. Alikuwa amesoma kwenye gunia alipokwenda kushusha mzigo kiwandani. Kwenye bia. Dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuzima moto, wanatia chembe kidogo za mwani kwenye birika kubwa la kimea. Ile karaginani inayokakamaa inazishika protini za shayiri, zinagandana na kuzama chini, na bia inatoka imetakata. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mwani wa miamba ya Ayalandi na kwingineko, siku hizi mnene nao unafanya kazi ile ile. Mwembamba haufai kwa hilo.

Maana yake protini iliyomrudishia lori lake ndiyo inayofuatwa na mwani uliomfilisi mama. Mtoto wa dada mkubwa na mtoto wa dada mdogo, kila mmoja anatia chake kwenye chungu kimoja ambacho wote wawili hatukinywi.

Najua swali linalofuata, na sina elimu ya kutoa fatwa. Mwani ukitoka bandani unachanganywa na wa kijiji kingine, unapanda meli, na hakuna anayejua gunia lipi litakuwa dawa ya meno na lipi litakuwa aiskrimu ya mtoto. Mdogo wangu alishamwuliza sheikh wake huko kuhusu lori, na majibu aliyopata ni yake. Mama nilimweleza tunapepeta mchele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na hao wanaoutaka uwatakasie bia yao, hawakuwa na senti ya kujaribia?"

Kaskazi ile ilipita, ikaja masika. Mama akazirudishia kamba zote mwembamba alioazima kwa dada yake, gunia kwa gunia. Mwezi wa Machi mwishoni, kabla mvua haijakaza, alinitaka nishuke naye nimsaidie kukaza vigingi. Tulipofika kamba ya mwisho, pale ukingoni ambapo mkondo unapita na maji hayatulii hata yakipwa, alisimama, akatazama pwani kama kuna mtu, kisha akainua kamba.

Kulikuwa na kishada kimoja. Cha kahawia iliyoiva, ncha zake nzima, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Katika vifungo vyote vya kamba ishirini hicho ndicho kilichokaa. Alikuwa akikijua tangu Januari, na hakunambia.

Alitoa kisu chake cha kumenyea muhogo, akakikata vipande vitano juu ya kiganja, akivigeuza geuza kutafuta pa kupitisha kisu bila kuvunja. Vinne akavifunga hapo hapo mkondoni, kimoja akakipeleka kamba ya katikati, baina ya mwembamba, mahali ambapo wenzake walikuwa wamekufa. Nilimwuliza kwa nini huko. Akasema akitaka kuona.

"Usimwambie karani," alisema, nami nimemshikia upande wa pili wa kamba.